Nairobi hadi New York: soma saa za tiketi kabla ya kulipa

Kwa njia fupi kabisa ya angani, kutoka Jomo Kenyatta hadi JFK ni kama kilomita 11,800. Ndege kubwa hukata karibu kilomita 900 kwa saa, basi kwenye karatasi unapata saa 13 na dakika chache. Ila karatasi haina upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini upepo mkali huvuma kutoka magharibi: ukienda unakukabili, ukirudi unakusukuma. Weka saa 15 za kwenda na 14 hivi za kurudi, ikiwa ndege haitui njiani.

Wengi hupotelea kwenye tiketi yenyewe. Saa ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York. Tuseme unaondoka Ijumaa 23:30 na kufika Jumamosi 07:00. Ukitoa hivyo hivyo utapata saa saba na nusu, na si kweli. Geuza kwanza saa ya kuondoka iwe ya huko: 23:30 toa 7 ni 16:30. Kutoka hapo hadi 07:00 ni saa 14 na nusu. Hiyo 7 ni ya kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Miezi iliyobaki toa 8, kwa maana Wamarekani husogeza saa zao na sisi hatusogezi.

Ogopa zaidi tarehe. Tiketi ya 00:30 tarehe 15 ni saa sita na nusu, usiku wa kuamkia tarehe 15. Nyumbani unatoka jioni ya tarehe 14. Anayetokea uwanjani usiku wa tarehe 15 ndege yake ilishaondoka karibu siku nzima nyuma, na pengine nauli imepotea nayo. Anayekupokea pia mwandikie saa kama ilivyo kwenye tiketi. Ukimwambia “saa tatu” hatajua ni 09:00 au 21:00.

Ukiunganisha ndege, usitishwe na umbali, tishwa na kungoja. Kupitia London ni kama kilomita 12,400, nyongeza ya 600 tu. Kupitia Dubai ni zaidi ya 14,500, yaani saa tatu za ziada angani. Lakini kungoja saa tisa kiwanjani kunazidi tofauti zote hizo, kwa hivyo linganisha jumla ya saa, mlango hadi mlango. Hakikisha pia kama nchi unayopitia inadai viza ya kupita.

Na kama New York si mwisho wa safari, mizigo utaichukua hapo hapo, upite nayo forodha, kisha uikabidhi upya, hata kama kibandiko kimeandikwa mji wa mbele. Foleni ya uhamiaji hutangulia yote hayo. Acha saa tatu au zaidi kabla ya ndege inayofuata, na nunua safari yote kwa tiketi moja: ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo litakalokutafutia nyingine.