Ruzuku Hufuata Silva

Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza: "Ruzuku ya nyongeza ya bima ya afya Marekani ilikufa Desemba 31, 2025. Chama kipi kibebe lawama?" Jibu fupi ni Republican. Ikulu ni yao, Seneti ni yao, Baraza la Wawakilishi ni lao. Mswada wa kuiongezea miaka mitatu ulipofika Seneti Desemba 11 ulipata kura 51 dhidi ya 48, na zilihitajika 60. Warepublican waliouunga mkono walikuwa wanne tu. Aliyeshika mpini ndiye aulizwe kisu kimekata nini.

Ingekuwa hivyo tu ningeishia hapo. Lakini swali limechukulia kwamba wote tunajua kilichokufa ni nini, na kwa yanayosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili kuanzia Columbus hadi Dallas, hatujui. Wengi wanaambiana "Obamacare imefutwa," yaani sheria ya 2010 iliyoleta ruzuku na soko la serikali la kununulia bima. Haijafutwa. Ruzuku ya awali, iliyoanza kutumika Januari 2014, ipo mpaka leo. Iliyokwisha ni nyongeza iliyowekwa na Wademokrati Machi 2021 wakati wa korona, kisha ikasogezwa mbele Agosti 2022 hadi mwisho wa 2025. Kwa hiyo mimi nitajibu swali jirani: ruzuku hii inapimwa kwa kamba gani, na kamba hiyo kaishika nani?

Hesabu yenyewe haina uchawi. Kila eneo lina mipango ya bima ya ngazi za bronzi, silva na dhahabu, kuanzia ya bei ndogo inayobeba gharama kidogo hadi ya bei kubwa inayobeba zaidi. (Silva ningeiita fedha, lakini kwa Kiswahili fedha ni madini na fedha ni pesa, tutachanganyana.) Serikali inatazama bei ya silva ya pili kutoka chini katika eneo lako, kwa umri wako; hiyo ndiyo silva ya kigezo. Inatazama pia mapato yako na kuamua asilimia unayotakiwa kutoa mwenyewe. Bei ya silva ile ukitoa fungu lako, kinachobaki ndicho ruzuku. Hela hiyo hupelekwa moja kwa moja kwa kampuni ya bima kila mwezi. Mkononi mwako haipiti. Ruzuku ikishapatikana unaweza kuipeleka kwenye bronzi au dhahabu pia. Shikeni hilo la silva, nitalirudia.

Nyongeza ya 2021 ilifanya mambo mawili. Ilishusha asilimia hizo, hata mwenye mapato yasiyozidi mara moja na nusu ya kiwango cha umaskini kinachopangwa na serikali akawa halipi kitu kwa silva ya kigezo. Pia iliondoa mstari wa asilimia 400 ya kiwango hicho, ambao ukiuvuka hupati ruzuku kabisa: hata aliyeuvuka hakulipa zaidi ya asilimia 8.5 ya mapato. Waliojiandikisha wakatoka kama milioni 12 mwaka 2021 hadi zaidi ya milioni 24 mwaka 2025.

Sasa mstari umerudi. Kwa bima ya 2026, mtu mmoja anaukuta kwenye dola 62,600 kwa mwaka, na familia ya watu wanne kwenye 128,600. Chukulia mtu wa miaka 60 ambaye silva ya kigezo kwake ni dola 1,200 kwa mwezi. Akipata 62,600 kamili atalipa asilimia 9.96, yaani kama 6,235 kwa mwaka. Akipata 63,000 atalipa 14,400 zote. Dola 400 za kazi ya ziada zimemgharimu 8,165. Kwa kanuni ya 2025, huyo wa 63,000 angelipa 5,355.

Kwa dereva wa lori au wa Uber anayejiajiri hili si jambo la kinadharia, kwa sababu mapato yanayohesabiwa ni yale ya baada ya kutoa mafuta, matengenezo na gharama nyingine za kazi, na hakuna anayeyajua kwa hakika mwezi Novemba anapojaza fomu. Kuna mlango mmoja wa halali: kuanzia 2026 mipango yote ya bronzi kwenye soko inaruhusu akaunti ya akiba ya afya. Mtu mmoja anaweza kuweka hadi dola 4,400, familia 8,750, na hela hiyo inatolewa kwenye mapato yanayopimwa. Unaweza kuiweka hata baada ya mwaka kwisha, mradi iwe kabla ya tarehe ya mwisho ya kodi mwezi Aprili. Aliyepitiliza mstari kwa elfu mbili bado anaweza kurudi chini yake. Asiyefanya hivyo, fomu ya kodi 1095-A itamfikia na safu zake tatu: A ni bei ya mpango wako, B ni silva ya kigezo, C ni kilicholipwa kwa niaba yako. Zamani walio chini ya asilimia 400 waliokadiria vibaya walikuwa na kikomo cha kurudisha. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imekifuta kuanzia mwaka wa kodi wa 2026. Ukilipiwa zaidi ya haki yako, utarudisha senti zote.

Turudi kwenye silva, kwa sababu kuna kisa cha Oktoba 2017 ambacho kila anayebishana kuhusu ruzuku angelazimishwa kukisoma kabla ya kufungua mdomo.

Sheria ya 2010 ilikuwa na ruzuku ya pili, ndogo, isiyojulikana sana. Kwa watu wenye mapato hadi asilimia 250 ya kiwango cha umaskini wanaochagua silva, kampuni ya bima inalazimika kupunguza kile mgonjwa anachotoa mfukoni hospitalini. Silva ya kawaida hubeba kama asilimia 70 ya gharama. Kwa mtu wa kipato cha chini kabisa hubeba 94, na anayefuata 87. Serikali ilikuwa ikizirudishia kampuni hela hiyo. Warepublican wa Baraza la Wawakilishi walishtaki mwaka 2014 wakisema Bunge halijawahi kuidhinisha malipo hayo, na Mei 2016 jaji Rosemary Collyer akakubaliana nao. Kisheria hawakuwa wamekosea. Oktoba 12, 2017 serikali ya Trump ikatangaza kwamba bomba limefungwa.

Lengo lilikuwa wazi: soko la Obamacare lishindwe kupumua. Kilichotokea ni hiki. Kampuni zilikuwa bado zinabanwa na sheria kutoa punguzo lile, ila sasa kwa hela yao. Wakaguzi wa bima wa majimbo mengi wakawaambia: gharama hiyo itieni kwenye silva peke yake, kwa kuwa ndiko punguzo liliko. Silva ikapanda. Na ruzuku kubwa inapimwa kwa nini? Kwa silva.

Tuseme kabla ya hapo bronzi ilikuwa dola 300, silva 400, dhahabu 500, na fungu la mtu fulani ni 150. Ruzuku yake 250. Silva analipa 150, bronzi 50, dhahabu 250. Silva inapanda asilimia 20 na kuwa 480. Fungu lake halijabadilika, kwa hiyo ruzuku inakuwa 330. Silva bado 150. Bronzi ya 300 sasa ni bure na ruzuku nyingine inabaki haina kazi. Dhahabu imeshuka hadi 170. Aliyefunga bomba dogo kafungulia bomba kubwa. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikuwa imeshaonya Agosti ile kwamba kusimamisha malipo kungeongeza nakisi ya serikali kwa dola bilioni 194 katika miaka kumi.

Halafu sehemu ninayoipenda. Wanasheria wakuu wa majimbo ya Democratic, California mbele, wakakimbilia mahakamani San Francisco kuomba malipo yarudishwe mara moja. Jaji Vince Chhabria akawakatalia Oktoba 25, na sababu mojawapo ni kwamba majimbo yameshapata njia inayowaacha watu wa kipato cha chini na nafuu kuliko mwanzo. Yaani waliokuja kumwokoa mgonjwa waliambiwa mgonjwa yuko nje anacheza mpira. California yenyewe ilikuwa imepanga vizuri: nyongeza ikawekwa kwenye silva za ndani ya soko tu, na nje ya soko kampuni zikauza silva inayofanana nayo isiyo na mzigo, ili asiye na ruzuku asiumie.

Baada ya hapo vyama vilibadilishana viti bila kuagana. Leo ni Warepublican wanaotaka malipo yale yarudi. Waliyaweka kwenye mswada wao wa Mei 2025, yakatolewa kabla haujawa sheria. Desemba 17 wakayapitisha tena katika Baraza la Wawakilishi, kura 216 dhidi ya 211. Makadirio ya Ofisi ya Bajeti yalionyesha premiamu (bei ya bima ya kila mwezi) ya silva ya kigezo ingeshuka kama asilimia 11. Tangazo zuri la televisheni hilo: "tumeshusha bei." Ila silva ikishuka, ruzuku inashuka nayo, na mwenye bronzi ya bure anaanza kulipa. Wademokrati wanaopinga hawalisemi hivyo, kwa sababu itabidi wakiri kwamba kilichowasaidia wapiga kura wao ni kosa la Trump.

Nimefika hapa na aya yangu ya kwanza imeanza kunisuta. Kama ruzuku inafuata silva popote inapokwenda, basi mwenye ruzuku haioni bei, na asiyeiona bei hapigi kelele. Kabla ya ruzuku, bei za soko zilipanda kwa wastani wa asilimia 26 kwa 2026, na kati ya hizo ni pointi chache tu zilizotokana na hofu kwamba wenye afya nzuri watakimbia nyongeza ikiisha. Nyingine ni bei za hospitali, dawa na mishahara. Tena kampuni ya bima inatakiwa kutumia angalau senti 80 za kila dola kwa matibabu. 20 ndizo za ofisi na faida. Linasikika kama jambo jema mpaka uulize: mwenye asilimia 20 ya kikapu atataka kikapu kidogo?

Na premiamu ya sifuri ilileta wezi. Wakala wa bima akiwa na jina, tarehe ya kuzaliwa na jimbo lako aliweza kukuhamisha mpango bila wewe kujua, achukue kamisheni. Mtu asiyelipa kitu kila mwezi hana risiti ya kumshtua. Malalamiko yalijaa mwaka 2024 mpaka serikali ikalazimisha wakala asiye kwenye rekodi yako apige simu ya watu watatu pamoja na wewe. Warepublican wanapotaka kila mtu atoe walau dola tano, wana hoja.

Hoja hiyo ina mwiba, lakini. Kadi ya benki imeisha muda, dola tano hazikukatwa. Mwenye ruzuku ana siku 90 za kulipa deni. Mwezi wa kwanza kampuni italipa madai yako. Wa pili na wa tatu inayashikilia, na siku 90 zikipita bima inafutwa kurudi nyuma hadi mwisho wa mwezi wa kwanza, bili za miezi miwili zinakujia wewe. Kwa dola tano.

Basi hukumu yangu. Kwa tarehe ya kifo, Republican, sibadilishi. Shughuli za serikali zilifungwa kwa kukosa bajeti siku 43, Oktoba 1 hadi Novemba 12, kwa ajili ya jambo hili, Wademokrati wakatoka na ahadi ya kura moja tu Seneti. Kwa ugonjwa wenyewe, saini ya Democratic ipo: walikuwa na Ikulu na mabaraza yote mawili mara mbili, 2021 na 2022, na mara zote waliandika nyongeza yenye tarehe ya kuisha, kwa sababu ya kudumu ingeonekana ghali kwenye makaratasi. Dola bilioni 350 kwa miaka kumi, ndivyo Ofisi ya Bajeti ilivyokuja kuihesabu. Ningepiga kura irudi kwa miaka miwili, yenye kikomo cha mapato kirefu kuliko 400, hata kama hiyo inanikalisha karibu na Warepublican wachache waliokaidi wakubwa wao. Baraza la Wawakilishi lilipitisha nyongeza ya miaka mitatu Januari 8, 2026 kwa kura 230 dhidi ya 196, wakiwemo Warepublican 17. Labda hao 17 ndio jibu la swali lenu. Au labda nimewahurumia kwa kuwa ni wachache.

Jambo la mwisho, na kwa jamii zetu ndilo kubwa kuliko yote niliyoandika. Sheria ile ya Julai 4 inaondoa ruzuku yote, pamoja na ile ya awali, kwa wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao hawajapata green card (kibali cha ukaazi wa kudumu), kuanzia Januari 2027. Wakongomani wengi waliopokewa miaka ya karibuni wamo. Mkimbizi anatakiwa kisheria kuomba green card akishatimiza mwaka mmoja nchini, kwa fomu I-485, lakini wapo wengi waliotimiza miaka mitatu bila kuijaza. Kadi ikishatoka, soko liarifiwe, kwa sababu mtu akiacha rekodi ya zamani inayosema "mkimbizi" mfumo utamsoma hivyo hivyo. Uandikishaji unafunguliwa Novemba 1, na maombi ya green card huchukua miezi.