Sikio liliuma, uso ukapinda, sasa kahawa yatokea puani

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68 na sukari ya siku nyingi. Miezi mitatu nyuma sikio la kulia lilianza kumuuma, usiku hasa, hadi anatoka kukaa barazani. Usaha ukatoka, tukapewa matone mara mbili. Kisha uso ukapinda upande uleule. Majirani wakasema kapigwa na upepo. Zahanati wakatupa vidonge vya uso, sukari ikapanda hadi 19. Wiki hii sauti imekwaruza, na jana alipiga funda la kahawa ikamtokea puani. Picha ya kichwa imesema hana kiharusi. Ndugu zangu wanataka asomewe. Je, haya ni magonjwa mangapi?
Binti yake, Kibokoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sijamwona mzee, lakini nahisi ni ugonjwa mmoja, na neno lililonishika katika barua yako ni "usiku". Sikio la mtu wa sukari linalomtoa kitandani miezi mitatu, matone yasifue dafu, si sikio la kuchezea.

Mketishe dirishani kwenye mwanga. Mwambie apandishe nyusi: ikiwa ya kulia haipandi, hiyo si sura ya kawaida ya kiharusi, maana kiharusi aghalabu huacha paji la uso. Afunue kinywa aseme "aaa", utazame kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Nadhani kitavutwa kushoto. Atoe ulimi. Ukiegemea kulia, mshipa wa fahamu wa 12 nao umeguswa.

Mishipa hiyo hutoka kichwani jozi 12. Wa saba, wa uso, hupita ndani ya mfupa wa sikio. Wa tisa na wa kumi, wa kumeza na sauti, hutokea tundu moja chini ya fuvu, na wa 12 una tundu lake jirani. Uambukizo ukitambaa kutoka sikioni kuingia mfupani, huanza na uso, kisha koo. Ndiyo safari ya baba yako hasa. Mara nyingi mhalifu ni bakteria aitwaye Pseudomonas. Mwaka 1968 Chandler, daktari wa Miami, alieleza wagonjwa 13 wa namna hii, akauita "malignant external otitis", jina linalosikika kama saratani. Jina hilo limetisha watu bure.

Lakini saratani yenyewe lazima itafutwe. Ile ya nyuma ya pua huziba sikio moja na kuota tezi shingoni, nayo hushika mishipa hiihii. Kifua kikuu cha utando wa ubongo pia, na virusi vya ukimwi vipimwe.

Picha mliyopiga yaelekea ilitazama ubongo, mfupa haukuulizwa. Mpelekeni hospitali kuu ya Makadara hapo Mombasa leo, mtake daktari wa masikio, pua na koo. Aombe picha ya mfupa wa chini ya fuvu, aoteshe usaha maabara, achungulie nyuma ya pua na kukata kinyama kidogo kipimwe. Ikiwa ni uambukizo, dawa ni za wiki sita au zaidi, na sukari ishuke, la sivyo mnachota maji kwa pakacha.

Kisomo sikikatazi. Msomeeni ndani ya tuktuk mkienda.

Vile vidonge vya uso, ikiwa ni prednisoloni, ndivyo vilivyopandisha sukari. Msivikate ghafla, bebeni paketi daktari aione. Jicho lisilofumba litiwe mafuta ya macho na libandikwe plasta usiku, na vijiti vya pamba visiingie sikioni tena.

Na kahawa aisamehe kwanza. Maji mepesi yatamwingia mapafuni. Hadi aonwe, mpe uji mzito kwa kijiko, ameketi wima, kidevu kimeinama, na akikohoa, acheni hapohapo.