Mipira ya breki kwenye gari la zamani: usiridhike na sura ya nje

Sisi wenye magari ya miaka kumi na tano au ishirini tumeshazoea kuulizia pedi na disiki, na fundi akisema shokapu zimekufa hatushangai. Mipira ya breki haitajwi kabisa. Nazungumzia ile mipira mifupi myeusi inayounganisha paipu za chuma za kwenye bodi na kalipa za magurudumuni, yaani vile vifaa vinavyobana pedi kwenye disiki. Paipu ya chuma haiwezi kupindapinda kila ukikata kona au kuruka tuta, kwa hiyo mpira ndio unaobeba kazi hiyo, huku ndani yake mkipita mafuta ya breki yenye presha kubwa. Magari mengi yaliyokuja kwetu yakiwa yametumika Japani bado yana mipira ileile ya kiwandani.

Noah yetu ndiyo iliyonifanya niifuatilie. Ilikuwa ukiachia breki, gari linaendelea kuvuta kushoto, na ukisimama rimu ya mbele upande huo haishikiki kwa joto. Fundi alifungua kalipa akabadilisha raba zake, lakini hali ikabaki ileile. Mpira wenyewe kwa nje ulikuwa hauna hata ufa. Tulipokuja kuuvua na kuupasua kwa wembe, raba ya ndani ilikuwa imevimba, tundu limebanwa karibu kuziba. Nguvu ya mguu inasukuma mafuta yapenye, lakini ukiachia hakuna nguvu ya kutosha kuyarudisha, na pedi zinabaki zimeng'ang'ania disiki.

Kwa hiyo kabla hujanunua kalipa, mwombe fundi afanye jaribio hili. Gari liwe kwenye stendi, si kwenye jeki peke yake, na gurudumu liwe bado limeshika. Alegeze niple ya kutolea upepo, ile skrubu ndogo iliyo kwenye kalipa. Gurudumu lisipoachia, shida iko kwenye kalipa au pini zake. Likiachia, kulikuwa na presha iliyonaswa. Hapo afunge niple, akanyage breki mpaka lishike tena, kisha alegeze nati ya juu, pale mpira unapokutana na paipu ya chuma. Likiachia hapo, mkague masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali. Likiendelea kushika, mpira ndio mbovu. Jaribio hili halichukui muda, nami nasikitika kuona watu wanauziwa kalipa bila kufanyiwa.

Ukaguzi wa kawaida unaweza kuufanya mwenyewe. Kata usukani mpaka mwisho, mulika kwa tochi, ukunje mpira kidogo kwa vidole. Nyufa huanzia karibu na vichwa vya chuma. Ukiona nyuzi za ndani, au unyevu wowote, gari lisitembee. Mtu akanyage breki injini ikiwa inawaka, wewe tazama kama mpira unavimba. Angalia pia alama za kusuguliwa na tairi. Tunaoishi pwani tuangalie zaidi kile kishikizo cha chuma kinachoushika mpira katikati, maana kutu ikikivimbisha kinauminya mpira polepole bila mtu kujua.

Breki inayoshika muda wote inapasha moto mafuta, na mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka, pedali inazama. Anayeshuka kutoka Lushoto kwenda Mombo na familia nzima ndani, kona baada ya kona, anaelewa kwa nini jambo hili linanikosesha usingizi.

Kwenye kununua, mpira wa mtumba hapana, hata uwe safi namna gani, kwa sababu umri wake ndio ugonjwa wenyewe. Badilisha miwili ya ekseli moja kwa pamoja. Duka likutafutie kwa namba ya chesisi, na washa za shaba, zile pete zinazozuia mafuta kuvuja kwenye maungio, ziwe mpya.

Nati ya paipu ya chuma ndiyo inayoleta kilio. Ipigwe dawa ya kutu mapema, ikiwezekana usiku mmoja kabla, na ifunguliwe kwa spana maalumu ya nati za paipu, ile inayoikumbatia karibu yote. Ikiliwa, utabadilisha na paipu. Kalipa isiachwe ining'inie kwenye mpira, ifungwe kwa waya. Mpira mpya usikae umejisokota: mipira mingi ina mstari ubavuni, ukiuona umezunguka, legeza uanze upya. Mafuta yakidondokea rangi, mwagia maji haraka, yanaibabua.

Wakati wa kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mfumo, kwa kawaida huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ila kitabu cha gari kikisema vingine fuata kitabu. Tumia mafuta yaliyoandikwa kwenye mfuniko wa kitangi cha mafuta ya breki, na kamwe si oili ya injini wala hidroliki, zinavimbisha raba za mfumo mzima. Msaidizi asikanyage pedali hadi chini kabisa: kwenye masta silinda ya zamani, sehemu ambayo haifikiwi kila siku huwa na kutu na uchafu unaochana raba zake.

Baada ya hapo kata usukani pande zote mbili uone kama mpira unagusa tairi, jaribu breki mwendo mdogo mahali tambarare, na kesho yake asubuhi pitisha tishu kavu kwenye kila maungio. Ikitoka na unyevu, gari lirudi kwa fundi likiwa linavutwa.