Takwimu za ajira: ukizifungua, anzia kwenye mishahara na namba za kazi

Mleta mada kauliza takwimu za ajira zinazotolewa bure na NBS na KNBS (ofisi za takwimu za Tanzania na Kenya) zina faida gani kwa anayesaka kazi au mwenye biashara ndogo, maana kila akizifungua anakutana na asilimia ya wasio na ajira tu. Mkuu, hiyo asilimia iruke. Inawafaa zaidi wizara na magazeti.

NBS ilitoa 10.3% mwaka 2014 na 9.0% mwaka 2020/21. Usidhani waliobaki wote wana kazi ya maana. Kwa kipimo cha kimataifa, aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja ndani ya siku saba anahesabiwa ana kazi, kwa hiyo aliyetembeza karanga Jumamosi yuko kapu moja na mwenye mkataba wa kudumu. Tanzania ina tafsiri yake pia, ndiyo iliyotoa asilimia hizo mbili, inayowahesabu baadhi ya wenye vibarua visivyo na uhakika kuwa hawana ajira. Ndiyo maana ripoti moja inaweza kukupa namba mbili.

Kenya kuna jedwali lenye faida zaidi: ajira mpya. Mwaka 2024 zilikuwa takriban 782,300, na kati ya hizo 703,700 ni za sekta isiyo rasmi (wakulima wadogo na wafugaji hawamo). Zinabaki kama 78,600 rasmi. Anayetuma CV kwa matangazo peke yake anagombea fungu hilo dogo, kwa sababu jua kali (sekta isiyo rasmi) haitangazi nafasi, watu wanaitana. Ila ajira mpya ni ongezeko halisi. Nafasi inayoachwa wazi na mstaafu kisha ikajazwa haionekani humo, kwa hiyo nafasi halisi ni zaidi ya hizo.

Sasa mishahara, na hapa ndipo wengi wanapotea. Ripoti zinapanga kazi kwa namba za tarakimu nne zinazofuata ISCO, mfumo wa kupanga aina za kazi wa ILO, shirika la kazi duniani (Tanzania huitwa TASCO). Chukua neno "mhasibu". Kwenye ISCO-08, 2411 ni mhasibu mwenye taaluma kamili, 3313 ni msaidizi wake, 4311 ni karani wa kuingiza hesabu kwenye vitabu. Tangazo linasema mhasibu, kazi yenyewe ni kupanga risiti na kuandaa vocha: hiyo ni 4311, na ukidai mshahara wa 2411 hutaitwa tena. Dereva hivyo hivyo, 8322 ni gari dogo na teksi, 8332 ni lori. Soma majukumu, achana na cheo, ndipo utafute mstari wako kwenye jedwali. Ripoti ikiishia kwenye makundi makubwa, tarakimu ya kwanza inatosha kukuonyesha uko wapi.

Halafu tazama kama umepewa wastani au namba ya kati (mshahara wa aliye katikati ukiwapanga wote kuanzia wa chini hadi wa juu). Karakana ina mafundi tisa wa 250,000 na meneja wa 2,500,000. Wastani ni 475,000, na hakuna hata mmoja pale anayelipwa hivyo. Namba ya kati ni 250,000. Kwenye usaili tumia ya kati. Ukiwa na wastani tu, jua kwa kawaida umevutwa juu na mabosi.

Mwenye biashara, mshahara wa kwenye jedwali kwa kawaida ni kabla ya makato, na sio gharama yako yote. Kwa Tanzania, fundi wa 400,000: ongeza NSSF sehemu ya mwajiri 10%, yaani 40,000, na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) 0.5%, yaani 2,000. Umefika 442,000. Ukifikisha wafanyakazi kumi inaingia SDL, tozo ya mafunzo ya ufundi inayopigwa kwenye mishahara ya wote, kwa hiyo mtu wa kumi ni ghali kuliko mshahara wake. Wengi wanaligundua hili baada ya kusaini mikataba. Pia pitia Amri ya Mshahara ya sekta yako kwenye Gazeti la Serikali, kwa sababu kima cha chini kinapangwa kisekta na hakuna kiwango kimoja cha wote.

Data huwa imezeeka, na tafiti hizi kubwa hazifanyiki kila mwaka. Chukua fahirisi ya bei (namba inayoonyesha bei zimepanda kiasi gani) ya mwezi wa sasa, gawa kwa ya mwezi wa utafiti, zidisha mshahara. Kama ni 115 kwa 100, basi 400,000 inakuwa 460,000. Hakikisha zote zina mwaka mmoja wa kizio (mwaka ambao fahirisi imewekwa kuwa 100), la sivyo utapata kichekesho. Na hiyo haikuambii waajiri wanalipa ngapi leo. Inakuambia ni kiasi gani kingenunua vitu vilevile.

Kuziba pengo, hesabu matangazo mwenyewe: Ajira Portal (tovuti ya ajira za serikali), TaESA (wakala wa huduma za ajira), na kurasa za kampuni za mji wako. Fungua jedwali la safu nne (tarehe, namba ya kazi, cheti kinachodaiwa, miaka ya uzoefu) ulijaze miezi mitatu. Tangazo lililorudiwa lihesabu mara moja, ila andika pembeni kwamba limerudiwa, kwani mara nyingi maana yake ni kwamba hawajapata mtu kwa mshahara ule.