Ulikuwapo mgongoni

Lubumbashi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya mwisho baba yako akiwa kando. Unasema huko Kinshasa mwenzako wa chuo alidai kwamba zamani rais wetu wa Kongo alichaguliwa kwa duru mbili, nanyi mkamcheka. Halafu unaniuliza: "Mama, ni kweli? Kama ni kweli, sisi mbona tumeachiwa moja?"

Ni kweli, na wewe ulikuwapo. Tarehe 30 Julai 2006 nilikubeba mgongoni, miezi tisa, tukapanga foleni hapa mtaani kwetu Kenya, humu Lubumbashi, kabla jua halijatoka. Karatasi ya rais ilikuwa na sura 33. Ya wabunge ilikuwa pana kama gazeti, nikahangaika kuikunja huku nimeinama usiamke. Uliamka. Waliponichovya kidole kwenye wino ukakishika na kukivuta mdomoni. Tarehe 29 Oktoba tukarudi, safari hiyo unatembea nimekushika mkono, na karatasi ya rais ina sura mbili tu: Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba.

Kilichotokea katikati ndicho ninachotaka ukielewe. Kabila alikuwa mbele kwa asilimia 44 na ushee, lakini katiba ilidai zaidi ya nusu. Basi mkubwa akalazimika kwenda kubisha hodi kwa watu ambao hawakumchagua. Mzee Antoine Gizenga alikuwa wa tatu, asilimia 13. Leo mtu kama huyo anasahauliwa kesho yake asubuhi. Wakati ule alikaa mezani na Kabila wakaelewana, na mwaka ulipokwisha akawa waziri mkuu. Waliompigia kule Bandundu walishindwa, lakini kura zao bado zilikuwa na bei.

Sisemi ilikuwa sherehe. Mwezi wa Agosti, matokeo ya kwanza yalipotangazwa, walinzi wa Kabila na wa Bemba walipigana risasi humo humo mjini unamosoma, na sisi huku tukashinda na redio. Jirani yetu wa Kasai, huyu unayemwita tantini, hakupiga kura kabisa mwaka ule, kwa sababu chama cha mzee Étienne Tshisekedi kilisusia. Siku zote mbili alibaki nyumbani na kaka zako, tukirudi tunakuta bukari, ugali wetu, iko tayari.

Januari 2011 bunge likaigusa katiba. Ibara ya 71 ikageuka: anayetangulia, hata kwa kura moja, amechukua. Tuliambiwa duru ya pili ni gharama. Nchi yetu ni kubwa, sikatai. Lakini mimi ni mwanamke wa soko, na muuzaji anayeniambia mizani ni ghali huwa namwangalia mara mbili. Katika uchaguzi wa Novemba mwaka huo huo Kabila alitangazwa mshindi kwa asilimia 48.95. Hesabu mwenyewe. Kwa sheria ya zamani tungerudi kwenye foleni.

Katika uchaguzi wa Desemba 2018 Félix Tshisekedi, mwana wa mzee Étienne, alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57, Martin Fayulu akiwa nyuma yake kwa 34 na ushee, na kuna watu hapa mtaani ambao hesabu hiyo hawajaimeza hadi leo. Tantini alicheza uani mpaka kitenge kikamdondoka. Nilimfurahia kwa moyo wote, huku nikijua kwamba watu sita katika kila kumi walimtaka mwingine na hakuna aliyelazimika kuwauliza neno.

Utaniambia 2023, kura yako ya kwanza, mshindi alipata zaidi ya asilimia 73, kwa hiyo duru ya pili isingekuwapo. Sawa. Ila walioandikishwa wakaja kupiga hawakufika nusu. Hata wewe ulijiandikisha kwanza upate kadi, maana bila kadi ya kura hapa kwetu huna kitambulisho. Sikulaumu. Nusu ya foleni yako ilikwenda kwa sababu hiyo hiyo, nadhani.

Tangu rais aliposema kule Kisangani, Oktoba 2024, kwamba katiba iangaliwe upya, kila anayekaa kwenye kibanda changu anagombana juu ya mihula. Ibara ya 71 sijasikia mtu akiitaja. Wapelekee hiyo wenzako.

Tantini anakusalimu. Nilimsomea barua hii, akasema duru ya pili ikirudi, zamu ya kupika bukari ni yangu.

Mama yako