Lowassa, kuhama chama na shule za kata: maswali yenu wiki hii

Shikamoo mwandishi. Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alipohama CCM mwaka 2015, mbona hakupoteza ubunge? (Kijana, Nkuhungu)

Marahaba mwanangu. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha uanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti nacho kimekwenda. Yeye jina lake lilikatwa na CCM kwenye mbio za kugombea urais, hapa hapa Dodoma mwezi Julai, akatangaza kuhamia upinzani, CHADEMA, tarehe 28. Bunge lilikuwa limeshavunjwa.

Ni kweli shule za sekondari za kata ni zake? (Mama Neema, Chamwino)

Mama Neema, hapa nitakaa kidogo. Mpango wenyewe, MMES (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari), ulianza mwaka 2004 wakati wa Mzee Mkapa. Lowassa akawa Waziri Mkuu mwishoni mwa 2005, akawabana wakuu wa mikoa na wilaya mpaka madarasa yakasimama. Sifa hiyo ni yake, simnyimi.

Lakini nawakumbuka na waliojenga. Kijijini kwetu kila kaya ilipangiwa fungu lake la mawe kando ya njia, limepigwa alama ya chokaa. Marehemu baba alikusanya la kwetu kwa mkokoteni wa punda, na mama akateka maji ya kufyatulia matofali. Kuta zilipanda upesi kuliko walimu wa sayansi walivyopatikana, na shule nyingi nchini zilifunguliwa bila maabara. Kujenga ilikuwa sahihi. Kuwaacha walimu nyuma lilikuwa kosa, na lililipwa na watoto wa waliobeba mawe.

Alirudi CCM Machi 2019. Basi kaulimbiu yake ya 2015, "elimu, elimu, elimu", ilikuwa ya kuombea kura tu? (Mwanafunzi, UDOM)

Sidhani. Aliisukuma elimu akiwa serikalini, akaahidi elimu bure hadi chuo kikuu akiwa upinzani. Kwenye urais wa 2015 alishindwa kwa kura milioni 6 dhidi ya milioni 8.9 za Magufuli wa CCM, na Januari 2016 ni Magufuli aliyefuta ada hadi kidato cha nne, jambo lililokuwemo tayari kwenye Sera ya Elimu ya 2014. Ada ya kidato cha tano na sita ikafutwa 2022. Shati lilibadilika mara mbili, hoja ikabaki.

Mgombea aliyehama chama nimuulize nini? (Baba wa watatu, Kondoa)

Sera ya elimu iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025 inataka miaka 10 ya elimu ya lazima, na mafunzo ya amali, yaani ya ufundi, yapewe uzito. Muulize karakana ya kata yenu itajengwa lini, na fundi wa kufundisha humo atalipwa na nani.