Maswali ya Wasomaji: Ernie Harwell na Redio Chini ya Mto wa Kulalia

Tangu tulipogusia watangazaji wa michezo katika ukurasa huu, barua zilizotufikia kumhusu Ernie Harwell, aliyekuwa sauti ya timu ya besiboli ya Detroit Tigers, zimekuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Nyingine hazikuwa na swali lolote. Waandishi wake walitaka tu kusimulia. Tumechagua tano zilizouliza jambo, na tumezijibu kwa urefu unaolingana na uzito wa kila moja.

SWALI: Mhariri, niliolewa katika familia ya Detroit. Baba mkwe wangu ana redio ndogo ya transista isiyofanya kazi tena, lakini hataki kabisa itupwe. Kifuniko cha betri kimeshikiliwa kwa utepe wa gundi, na mshale wa kutafutia stesheni umekwama karibu na 760. Husema kwamba humo ndimo Ernie alimokuwa akiishi. Mimi sijawahi kutazama besiboli hadi mwisho. Mtu huyu alikuwa nani hata apendwe kuliko wachezaji wenyewe?

JIBU: Mfikishie baba mkwe wako salamu zetu za heshima, na mwambie kwamba tumeielewa redio yake. Namba 760 ni mahali pa stesheni ya WJR ya Detroit kwenye masafa ya kati, ambako mechi za Tigers zilisikika kwa miaka mingi. WJR hurusha matangazo kwa nguvu ya wati 50,000, na usiku mawimbi ya masafa ya kati hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mbali sana na yalikotoka. Kwa hiyo dereva wa lori aliyekuwa majimbo kadhaa kutoka Michigan aliweza kufuata mechi ileile aliyokuwa akiisikiliza mtoto wa Detroit kitandani, taa ikiwa imezimwa.

Harwell alizaliwa tarehe 25 Januari 1918 katika mji mdogo wa Washington, jimbo la Georgia. Utotoni alikuwa na kitembe, na wazazi wake, ambao hawakuwa watu wa mali, walimpeleka kwa mwalimu wa ufasaha ili ulimi wake unyooke. Alitangaza mechi za Tigers kuanzia 1960 hadi 2002, isipokuwa mwaka 1992, yaani misimu 42. Timu ya besiboli ya ligi kuu hucheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku, kuanzia majira ya kuchipua hadi majani yanapoanza kupukutika. Hakuna ndugu, rafiki wala jirani anayeingia nyumbani mwako mara nyingi kiasi hicho, tena kwa saa mbili tatu kila anapokuja. Mchezaji hukaa miaka michache, akauzwa au akastaafu. Aliyemsikia Harwell akiwa na miaka sita aliweza kuwa na wajukuu kabla sauti hiyo haijaondoka hewani.

Hata hivyo, kukaa muda mrefu peke yake hakuleti mapenzi. Besiboli ni mchezo wenye mapengo: mrushaji anaushika mpira, anamtazama mdakaji, anatikisa kichwa, anafikiri upya, na muda wote huo hakuna kinachotokea. Mtangazaji anayejaza kila pengo kwa maneno huwachosha watu kabla ya nusu ya mechi. Nimesikiliza kanda za Harwell mara nyingi, na kinachonigusa kila mara ni vile alivyoliacha pengo libaki pengo. Anataja matokeo, anataja hesabu ya mipira, kisha ananyamaza. Unasikia mvumo wa watu, muuzaji akinadi bidhaa zake kati ya viti, halafu mpira ukigonga glavu. Ukimya ule ulimpa msikilizaji nafasi ya kuuona uwanja kwa macho yake mwenyewe, na ndiyo maana wengi wanaosimulia mechi za zamani husema “niliona” hata pale walipokuwa wamesikia tu.

SWALI: Nimesoma kwamba Harwell aliwahi kubadilishwa kwa mchezaji, kama vile timu zinavyobadilishana wachezaji. Je, ni kweli, au ni hadithi ya mashabiki?

JIBU: Ni kweli tupu. Mwaka 1948 Red Barber, mtangazaji mkuu wa Brooklyn Dodgers, aliugua, na kiongozi wa timu hiyo, Branch Rickey, akamtaka Harwell, ambaye wakati huo alikuwa akitangaza mechi za Atlanta Crackers katika ligi ya chini. Atlanta haikukubali kumwachilia bure. Iliomba mdakaji, nayo Brooklyn ikampeleka Cliff Dapper, ambaye katika ligi kuu alikuwa amecheza mechi 8 tu, zote mwaka 1942, akapata mapigo 8 katika zamu 17, kiwango ambacho mpigaji yeyote angekionea fahari. Wawili hao waliobadilishana maisha hawakukutana ana kwa ana hadi mwaka 2002, sanamu ya Harwell ilipozinduliwa katika Comerica Park, uwanja wa Tigers. Fikiria kumpa mkono kwa mara ya kwanza, baada ya zaidi ya miaka hamsini, mtu ambaye wewe ndiwe uliyekuwa bei yake.

Niongeze hapa jambo ambalo mashabiki wa Los Angeles, ambako Dodgers walihamia baadaye, hulipenda. Harwell alipohamia New York Giants mwaka 1950, nafasi aliyoiacha Brooklyn ilichukuliwa na kijana aliyeitwa Vin Scully, ambaye aliishikilia kwa misimu 67.

SWALI: Mama yangu, aliyekulia Ypsilanti, mji wa Michigan, anashikilia kwamba Harwell aliwajua watu wote waliodaka mipira iliyopotelea kwa watazamaji, na kwamba alitaja mji wa kila mmoja. Tukimbishia anakasirika. Aliwajuaje?

JIBU: Hakuwajua, na naomba umwambie mama taratibu, ingawa nashuku kwamba anajua. Mpigaji akiukata mpira vibaya ukaangukia kwa watazamaji, Harwell alisema kwa sauti yake ya utulivu kwamba mpira huo umedakwa na bwana kutoka Ypsilanti, au kwamba mama mmoja wa Saginaw ataondoka nao. Kesho yake ilikuwa zamu ya Muskegon, au Ionia, au Hamtramck. Miji hiyo ilitoka kichwani mwake. Jambo lilianza bila kupangwa, likawapendeza watu, na baadaye mashabiki waliokutana naye walianza kumwomba kwamba siku moja mtu wa mji wao naye adake mpira.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu siri ya Harwell imo zaidi katika kitu hiki kidogo kuliko katika matangazo ya mapigo makubwa. Mtoto anayekaa katika kijiji cha mashamba, saa kadhaa kutoka Detroit, ambaye huenda hatakanyaga uwanjani hadi awe mtu mzima, anasikia jina la mji wake likitajwa ndani ya mechi ya ligi kuu. Papo hapo mji wake umo uwanjani. Kuna mtu wa kwao amekaa katika viti vile, ameinua mkono, na mpira umo kiganjani mwake. Mtoto anaanza kujiuliza ni nani: ni mwenye duka, au ni mwalimu wake? Mzaha huu wa upole ulimkaribisha kila msikilizaji kwa zamu yake, na haukumgharimu mtu chochote. Mama yako alipata mpira wake wa Ypsilanti. Msimnyang'anye.

Alikuwa pia na misemo mingine ambayo mashabiki huikariri hadi leo. Mpigaji akiachia straiki ya tatu, yaani mpira halali unaomtoa, ipite bila kuinua gongo, Harwell alisema kwamba alisimama pale kama nyumba iliyo kando ya barabara, akautazama mpira ukipita. Maneno hayo yanatoka katika shairi alilolikariri utotoni alipokuwa akijifunza kusema, na hilo hunifurahisha sana: somo la mtoto mwenye kitembe likawa msemo wa jimbo zima.

SWALI: Nilikuwa na miaka tisa Tigers walipotwaa ubingwa mwaka 1984, na kumbukumbu yangu kubwa si fainali bali ni Harwell akisoma Biblia redioni mwezi Machi, theluji ikiwa bado imejaa nje ya dirisha letu. Mke wangu anadhani nimechanganya na ibada. Naomba mnisaidie.

JIBU: Hukuchanganya, ndugu yetu. Kila mwaka, katika matangazo ya kwanza ya mazoezi ya Tigers kule Lakeland, Florida, Harwell alianza na maneno ya Wimbo Ulio Bora sura ya pili, yanayosema kwamba majira ya baridi yamepita, mvua imekwisha, maua yametokea, wakati wa ndege kuimba umefika, na sauti ya hua inasikika katika nchi yetu. Alikuwa mtu wa imani, lakini hakuyasoma kwa kuhubiri. Aliyasoma kama mtu anayeleta habari. Florida kulikuwa na jua, Michigan watu walikuwa wangali wakikwangua barafu kwenye vioo vya magari, na sauti iliyopitia waya na hewa iliwaambia kwamba mwaka umegeuka. Wako waliosema kwamba kwao majira ya kuchipua hayakuanza kwa kalenda bali kwa mistari hiyo, na barua yako inawaunga mkono.

Kuhusu 1984 yenyewe, unajua kuliko mimi: Tigers walishinda mechi 35 kati ya 40 za mwanzo, wakamaliza kazi mwezi Oktoba kwa kuwafunga San Diego Padres. Katika vipindi vya redio vya miaka hiyo, Harwell aligawana kipaza sauti na Paul Carey, mwenye sauti nzito kama ya chini ya kisima, na mashabiki wengi hawawezi kumkumbuka mmoja bila mwenzake.

SWALI: Kwa nini aliondolewa kazini mwaka 1991 ikiwa alipendwa hivyo? Na aliagaje alipoondoka kabisa?

JIBU: Mwezi Desemba 1990 ilitangazwa kwamba msimu uliofuata ungekuwa wake wa mwisho, kwa sababu waliokuwa na mamlaka walitaka sura mpya. Harwell alikuwa na miaka 72 na hakuwa ameomba kupumzika. Mashabiki walikasirika hadharani kwa namna ambayo mtangazaji hakuwahi kufanyiwa: waliandika barua, waliandamana, waliapa kususia. Mwaka 1992 timu ilinunuliwa na mfanyabiashara Mike Ilitch, na mwaka 1993 Harwell akarudi. Baadaye alitangaza kwa miaka kadhaa kwenye televisheni, kisha mwaka 1999 akarejea redioni, mahali alipostahili kuwa. Sisemi haya kwa kudharau televisheni, lakini penye picha msikilizaji hahitaji kuonyeshwa, na kuonyesha ndiyo iliyokuwa kazi aliyoijua kuliko zote.

Alistaafu mwisho wa msimu wa 2002, na katika maneno yake ya mwisho hewani hakuzungumzia mechi kubwa alizotangaza. Aliwashukuru wasikilizaji kwa kumruhusu awe sehemu ya familia zao. Aliwashukuru kwa kumchukua pamoja nao kwenye nyumba zao za mapumziko kaskazini mwa jimbo, ufukweni, kazini na uani. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wasikilizaji walimwona Harwell hivyo hasa, kama mgeni aliyewaletea nafuu. Lakini yeye aliyahesabu mambo kutoka upande wa pili, kwamba wao ndio waliomtendea wema kwa kumfungulia mlango.

Mwaka 2009 alitangaza kwamba ana saratani isiyotibika, na tarehe 16 Septemba alisimama katikati ya Comerica Park, mechi ikiwa imesimamishwa kidogo, akazungumza kwa muda mfupi bila karatasi. Alisema ni baraka kwake kwamba safari yake inaishia Michigan, na akawasifu watu wa jimbo hilo kwa namna wanavyoyakabili maisha. Alifariki tarehe 4 Mei 2010, akiwa na miaka 92. Mwili wake ulilazwa katika uwanja huo, karibu na sanamu yake, na maelfu ya watu wakapita mmoja mmoja kumuaga.

Nimebakiza jambo moja katika hotuba ile ya 2002, na ni la dada aliyeandika barua ya kwanza. Harwell aliwashukuru pia wale ambao, walipokuwa wakikua na kuipenda timu yao, waliificha redio ya transista chini ya mto wa kulalia. Msomee baba mkwe wako maneno hayo, kisha muulize alikuwa na miaka mingapi, na nani alimshika.